Sindano za Kichina na kiu ya mtoto: Unachopaswa kujua kama una PCOS

“Daktari, nimemaliza vipindi 24 vya sindano. Mbona bado?”

Swali hilo aliniuliza mama mmoja wa miaka 36, ambaye ameniruhusu kulisimulia bila kumtaja jina. Alikuja na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi: picha tatu za ultrasaundi, risiti za kliniki moja ya sindano za Kichina, na daftari dogo alimoandika tarehe za hedhi yake. Kwa miezi sita, karibu kila Jumamosi, alikuwa akilazwa kitandani na kuchomwa sindano nyembamba tumboni na miguuni. Fedha alizitoa kwenye mgawo wake wa kikoba.

Nilimuuliza kama amewahi kupewa vidonge vya kupevusha yai. Akasema hapana, alisikia kwamba vidonge vya hospitali “vinachoma kizazi”. Nikamuuliza kama mume wake amepimwa mbegu. Akatazama chini.

Leo nataka kulijibu swali lake mbele yako, msomaji wangu, kwa sababu najua hayuko peke yake. Huenda na wewe umeambiwa una PCOS, na shoga, wifi au mama mkwe amekushauri ukajaribu sindano za Kichina, ambazo wataalamu huziita akupancha.

PCOS ni nini hasa?

Kila mwezi, kwenye ovari za mwanamke, vijifuko kadhaa vyenye mayai machanga huanza kukua. Kwa kawaida kimoja huwatangulia wenzake, yai lake likapevuka na kutoka, na hapo ndipo mimba inaweza kutunga. Kwa mwenye PCOS, homoni zimepishana. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, huwa nyingi kuliko inavyotakiwa. Mara nyingi na insulini nayo huwa juu kwa sababu mwili hauitumii vizuri. Vijifuko vinaanza kukua, kisha vinakwama njiani. Yai halipevuki, au linapevuka mara chache kwa mwaka.

Vile “vivimbe vingi” vinavyoandikwa kwenye majibu ya ultrasaundi ndivyo hivyo vijifuko vilivyokwama. Kila kimoja hakifiki hata sentimita moja. Havina uhusiano na uvimbe wa kizazi wa faibroidi, si saratani, na havihitaji kukatwa wala “kuyeyushwa”. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona wanawake wakiuziwa dawa za kuyeyusha kitu ambacho ni mayai yao wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa PCOS huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo.

Ili daktari aseme una PCOS, anatakiwa kuona angalau mambo mawili kati ya matatu. La kwanza ni hedhi isiyo na mpangilio, kwa mfano inayopishana kwa zaidi ya siku 35. La pili ni dalili za homoni za kiume kuzidi, kama nywele nene kidevuni na kifuani au chunusi sugu, au kipimo cha damu kinachoonyesha hivyo. La tatu ni ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama matatizo ya tezi ya shingo na homoni ya maziwa kuwa juu, nayo lazima yaondolewe kwanza kwa vipimo vya damu. Kwa hiyo picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa.

Kwa nini watu walizitegemea sindano?

Akupancha si jambo geni kwetu. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar kutoa huduma tangu mwaka 1964, na Tanzania Bara tangu mwaka 1968. Huko kwao, tiba hii imetumika kwa zaidi ya miaka 2,000. Kwa maumivu ya muda mrefu, kama ya mgongo na kipandauso, zipo tafiti zinazoonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kiasi. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kila anayeitoa ni tapeli.

Hata kwa PCOS, wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Watafiti wa China na Uswidi waliona, kwa wanyama wa maabara na katika tafiti ndogo za wanawake, kwamba sindano zinazounganishwa na umeme mdogo zinaweza kugusa mishipa ya fahamu inayohusiana na ovari. Baadhi ya wanawake walionekana kupevusha mayai mara nyingi zaidi. Ilikuwa dalili ya kutia moyo. Lakini mwanamke anayekuja kliniki hajafuata kupevusha yai tu. Anataka mtoto mikononi. Kwa hiyo likabaki swali moja: je, sindano zinaongeza watoto wanaozaliwa?

Wanawake 1,000 waliosaidia kulijibu

Swali hilo lilijibiwa hukohuko China. Kati ya mwaka 2012 na 2014, wanawake 1,000 wenye PCOS waliokuwa wakitafuta mtoto waliandikishwa katika vituo 21. Wengi walikuwa vijana, wastani wa umri wao ukiwa takribani miaka 28. Utafiti uliongozwa na Profesa Wu Xiao-Ke wa mji wa Harbin, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi na Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani.

Wanawake hao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne ya watu 250. Kundi la kwanza lilipata sindano halisi pamoja na klomifeni, kidonge cha kupevusha yai. La pili lilipata sindano za kuigiza pamoja na klomifeni. La tatu lilipata sindano halisi pamoja na kidonge kitupu kisicho na dawa. La nne lilipata sindano za kuigiza pamoja na kidonge kitupu.

Sindano za kuigiza zilikuwaje? Zilichomwa juu juu tu, kwenye mabega na mikono, mahali ambapo tiba ya Kichina haipataji kuwa na kazi yoyote kwenye uzazi. Waya ziliunganishwa, lakini umeme haukupitishwa. Wanawake hawakuambiwa wako kundi gani. Kila mmoja alihudhuria mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa muda wa hadi miezi minne.

Sasa tazama matokeo ya wale 926 waliofika mwisho wa utafiti. Kati ya waliopata sindano halisi, asilimia 21.8 walijifungua mtoto hai. Kati ya waliopata sindano za kuigiza, asilimia 22.4 walijifungua mtoto hai. Hakuna tofauti. Lakini ukiwagawa kwa upande wa vidonge, picha inabadilika kabisa: waliomeza klomifeni, asilimia 28.7 walijifungua, wakati waliomeza kidonge kitupu walikuwa asilimia 15.4.

Je, kuchanganya sindano na kidonge kuliongeza chochote? Waliopata vyote viwili vya kweli walikuwa asilimia 29.4, na waliopata kidonge cha kweli na sindano za kuigiza walikuwa asilimia 28. Kwa hesabu za kitaalamu, tofauti hiyo ni ya bahati tu. Kidonge ndicho kilichofanya kazi, na sindano hazikukiongezea nguvu. Zaidi ya hapo, waliochomwa sindano halisi walipata michubuko na kuharisha mara nyingi zaidi.

Mwaka 2019 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti, walipitia tafiti nane zenye wanawake 1,546 wa PCOS. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba akupancha inaongeza watoto wanaozaliwa. Na kama unajiandaa kupandikizwa mimba, yaani kutungishwa nje ya mwili, fahamu kwamba utafiti wa Australia na New Zealand wa mwaka 2018 uliohusisha wanawake 848 nao haukuona tofauti: asilimia 18.3 ya waliopata sindano halisi walijifungua, dhidi ya asilimia 17.8 ya waliopata za kuigiza.

“Lakini jirani yangu alipata mtoto!”

Naamini kabisa. Na jirani yako hasemi uongo.

Rudi kwenye lile kundi la nne, la wanawake waliochomwa sindano zisizo na maana na kumeza kidonge kisicho na kitu. Kati ya 232 waliofika mwisho, 39 walijifungua. Hao 39 hawakupata tiba yoyote ya kweli, na bado walibeba watoto wao. PCOS haifungi mlango wa uzazi. Kwa wengi huupunguza upenyo tu, na mara mojamoja yai hupevuka lenyewe.

Sasa fikiria kila mmoja wa wale 39 amerudi mtaani kwake. Atasema nini kwenye kikoba, saluni na msibani? Atasema, “Mimi ni zile sindano.” Atasema kwa furaha na kwa moyo safi. Wale 193 ambao hawakufanikiwa hawatasema chochote, maana hakuna anayesimama kwenye shughuli ya mtoto wa mwenzake kutangaza kwamba yeye hajapata. Ndiyo maana ushuhuda unaoufikia siku zote ni wa waliofanikiwa.

Kwa nini siku hizi sisemi “jaribu tu, haina madhara”

Miaka ya nyuma nilikuwa nawajibu hivyo wagonjwa walioniuliza. Nilidhani ni upole. Nimeacha.

Hasara ya kwanza ni muda. Mwanamke wa miaka 28 anayepoteza mwaka mmoja bado ana nafasi nzuri. Wa miaka 36 anapopoteza mwaka, mayai yake yanapungua kwa idadi na kwa ubora, na hakuna dawa inayorudisha mwaka huo. Hasara ya pili ni fedha: vipindi 24 vya sindano vinaweza kula fedha ambazo zingelipia vipimo vya wenzi wote wawili na dawa za mizunguko kadhaa.

Hasara ya tatu ni ya kiafya. Sindano lazima ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako, zitumike mara moja na kutupwa. Zikirudiwa zinaweza kukuambukiza homa ya ini ya B au C, au virusi vya ukimwi. Baadhi ya kliniki pia huongeza unga au vidonge vya mitishamba visivyo na maelezo ya kilichomo, ukavimeza ukiwa na mimba changa ambayo bado hujui unayo.

Kama unapenda akupancha kwa sababu inakutuliza mawazo au inapunguza maumivu ya mgongo, hayo ni maamuzi yako na sitakugombeza. Ila ifanye sambamba na matibabu, isichukue nafasi yake. Na mweleze daktari wako, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ufanye nini basi?

Anza kwa kupimwa ninyi wawili. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni cha haraka na hakina maumivu. Anatakiwa kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu kabla ya kupima. Haina maana wewe kupevusha mayai kwa miezi sita kumbe tatizo liko pande zote mbili. Kama uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, kutoa mimba au kufanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari anaweza pia kushauri picha ya kuangalia kama mirija imefunguka.

Usisubiri mno. Kwa kawaida tunasema wenzi watafute mtoto kwa miezi 12 kabla ya kuja hospitali, au miezi 6 kama mwanamke amefikisha miaka 35. Lakini kama hedhi yako inakuja mara nne au tano tu kwa mwaka, njoo mapema, maana sababu tayari inaonekana.

Pima sukari na shinikizo la damu. Wenye PCOS wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, na ni vizuri kijulikane kabla ya mimba. Kama una uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, kunaweza kusaidia hedhi kurudi kwenye mpangilio. Huhitaji kujinyima hadi uanguke. Punguza soda, chapati na vitafunwa vya sukari, ongeza mboga, maharage na samaki, na utembee kwa miguu walau nusu saa siku nyingi za wiki. Na kama wewe ni mwembamba, usikubali kuambiwa huwezi kuwa na PCOS. Wapo wembamba wengi wenye tatizo hili.

Uliza kuhusu letrozoli. Hiki ndicho kidonge ambacho miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 na 2023 inakiweka mbele kwa mwanamke mwenye PCOS ambaye yai halipevuki na ambaye hana sababu nyingine ya kutoshika mimba. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wanawake 750 walipewa letrozoli au klomifeni kwa hadi mizunguko mitano. Waliopata letrozoli, asilimia 27.5 walijifungua. Waliopata klomifeni, asilimia 19.1. Humezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko.

Usishtuke ukisoma karatasi iliyo ndani ya boksi ukakuta imeandikwa ni dawa ya saratani ya matiti. Ndiyo kazi iliyotengenezewa kwanza. Kwenye uzazi, hushusha homoni ya estrojeni kwa siku chache, ubongo ukashtuka na kutuma homoni ya kukuza yai. Haichomi kizazi. Lakini usiinunue mwenyewe dukani kwa kuelekezwa na rafiki. Lazima ihakikishwe kwanza huna mimba, dozi ipangwe, na ifuatiliwe kama yai kweli linapevuka. Dawa hizi pia zinaweza kuongeza uwezekano wa mapacha.

Wengine huongezewa metifomini, dawa inayosaidia mwili kutumia insulini. Vidonge visipofaulu baada ya mizunguko kadhaa, bado kuna sindano za homoni, upasuaji mdogo wa ovari kwa tundu, na mwishowe kupandikiza. Na wakati wote unapotafuta mimba, meza foliki asidi kila siku ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Na hata kama hutafuti mtoto sasa, usikae zaidi ya siku 90 bila hedhi ukifurahia kwamba umepumzika. Ukuta wa kizazi huendelea kunenepa, na baada ya miaka mingi hatari ya saratani huongezeka. Kuna dawa za kuurudisha mpangilio.

Neno kwa wazazi wenye mabinti

Mzazi, kama binti yako wa kidato cha pili anaruka hedhi, usikimbilie kliniki ya sindano, wala usimfanyie ultrasaundi ya kutafuta PCOS. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida, na ovari za wasichana wengi wenye afya huonekana zina vijifuko vingi. Miongozo inashauri ultrasaundi isitumike kutambua PCOS hadi ipite miaka minane tangu hedhi ya kwanza.

Mpeleke kwa daktari kama amefika miaka 15 bila kuona hedhi, kama hedhi inakaa zaidi ya miezi mitatu bila kuja, au kama ana nywele nyingi usoni na chunusi zisizopona. Na zaidi ya yote, usiruhusu mtu yeyote nyumbani amwite mgumba. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa, wengine kwa msaada kidogo tu.

Yule mama wa bahasha ya kaki sikumlaumu. Alifanya alichoweza kwa taarifa alizokuwa nazo, na alijitahidi kuliko wengi: kwa miezi sita hakukosa tarehe hata moja kwenye daftari lake. Daftari lile ndilo lililotusaidia. Tuliona hedhi yake ilikuja mara tatu tu katika miezi kumi. Siku iliyofuata alirudi na mume wake, wote wakapima. Mbegu ziko vizuri, sukari yake iko juu kidogo, na mwezi huu anaanza mzunguko wa pili wa vidonge. Sijui kama utakuwa ndio wenyewe. Ninachojua ni kwamba safari hii saa inapokwenda, inakwenda akiwa kwenye tiba iliyopimwa.

Kama na wewe una bahasha ya namna hiyo kabatini, itoe. Andika tarehe za hedhi zako za mwaka mzima kwenye karatasi moja, mshike mkono mwenzio, mje kliniki pamoja.

Tukutane wiki ijayo.